Kiangavu Si Kitupu

Vitenzi kutuama na kuchuja havina maana moja. Kinachotuama hushushwa na uzito wake. Kinachochujwa huzuiwa na udogo wa matundu ya chujio. Tofauti hiyo huonekana wazi katika utengenezaji wa alumina kwa njia aliyoibuni mkemia Carl Josef Bayer katika miaka ya 1880. Boksiti iliyosagwa hupikwa katika soda kali. Alumina huyeyuka, na takataka hubaki kuwa tope jekundu. Tope hilo hutuama matangini, kisha kiowevu huchujwa. Hata hivyo, kiowevu hicho kiangavu si kitupu: kimebeba alumina, ambayo hutengwa baadaye kwa kukipoza na kukitia chembe za fuwele.

Jambo hilo lina uzito pia katika mtaa wa Keshero, mjini Goma. Maji ya Ziwa Kivu yakituama ndooni, mashapo hushuka na maji huangaza. Lakini vijidudu vya kipindupindu, kwa udogo wao, huweza kubaki na hata kupenya kitambaa. Mnamo Julai 1994 ugonjwa huo uliua maelfu ya wakimbizi mjini Goma na kandokando yake. Kwa hiyo mwalimu asiyachukulie maneno "maangavu" na "salama" kuwa visawe: maji yaliyotuama na kuchujwa bado yapaswa kuchemshwa au kutiwa klorini.