Sura ya Sita: Maji Ndani ya Kioo

Fundi wa vioo mjini Muyinga aliyenikatia sanduku la kwanza aliuliza jambo moja tu: "Samaki utawatoa wapi, mwalimu?" Nikamwambia sifugi samaki, nataka kupanda kuvumwani na majani ya mtoni. Akacheka. Kwani huko kwenu Mwakiro, akasema, majani yameisha?

Jibu lilinijia baadaye, nilipoijua habari ya chura wa Kihansi. Ni chura wa manjano, mkubwa wake hafiki sentimita 3, na hatagi mayai: huzaa vichura kamili vinavyoenea juu ya ukucha wa kidole kidogo. Wataalamu walimgundua mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania. Makazi yake yote duniani yalikuwa hekta 2 hivi, pale maporomoko yaliporusha manyunyu usiku na mchana. Mradi wa umeme wa megawati 180 ulipoanza kazi mtoni humo, takribani asilimia 90 ya maji iliingia kwenye mitambo, na manyunyu yakakatika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa hadi Marekani, wakagawanywa katika bustani za wanyama, zikiwemo Bronx na Toledo, wakae ndani ya masanduku ya kioo. Haikuwa kazi rahisi: kufikia 2004 waliobaki humo walikuwa chini ya 70. Huko korongoni nako ugonjwa wa ukungu wa ngozi uliwapitia, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 wakaanza kuachiwa korongoni kwao, ambako siku hizi manyunyu yanatoka kwenye mabomba.

Sanduku lako halitaokoa kiumbe yeyote. Lakini kanuni ni ileile: wakaaji wa kando ya maporomoko hawahitaji maji mengi, wanahitaji maji yaliyovunjika.

Langu lina urefu wa sentimita 60, upana 40 na kimo 50. Kioo cha milimita 5 kinatosha, kwa sababu msukumo wa maji hufuata kina, na humu kina hakizidi sentimita 8. Hata hivyo hizo ni lita 19, yaani kilo 19 kabla hujaweka jiwe hata moja. Kagua miguu ya meza mapema. Kwa kuunganishia, chukua silikoni inayonuka siki, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Dawa hiyo huua. Pangusa kingo kwa spiriti, paka, acha siku mbili. Kisha jaza maji, weka sanduku juu ya gazeti, ukalale. Asubuhi gazeti litakuonyesha kona inayovuja.

Kosa langu lilikuwa kumwaga udongo moja kwa moja chini. Baada ya wiki mbili mizizi ikaoza, sanduku likanuka yai viza, na pampu ndogo inayopandisha maji juu ya ukuta wa sanduku ikameza tope ikanyamaza. Udongo lazima ukae juu ya maji, usiyaguse. Kata vipande vya bomba la plastiki virefu kuliko kina cha maji, visimamishe kama nguzo, tandika juu yake bamba la plastiki lenye matundu, kisha kipande cha chandarua kuukuu, changarawe, na udongo mwishoni kabisa. Pampu ikae kwenye kona yake, imefungwa chandarua hichohicho, mahali unapoweza kuingiza mkono bila kubomoa bustani.

Ukutani bandika mawe. Usitengeneze mfereji laini. Maji yatateleza kimya na kuvumwani itakauka huku ikiyatazama. Acha ukingo mmoja ujitokeze, maji yaanguke kama shibiri moja na kupiga jiwe lenye makwaruzo. Kuvumwani ipandwe pale yanapofika matone.

Na umeme ukikatika? Nilinunua mpira wa dripu duka la dawa, nikauchomeka kwenye ndoo ya lita 10 iliyoinuliwa juu ya kabati. Mipira ya kawaida hutoa mililita 1 kwa matone 20. Ukirekebisha gurudumu lake dogo kwa matone 60 kwa dakika, ndoo inakutosha zaidi ya siku mbili. Maji yakijaa chini, yachote uyarudishe juu. Kusema kweli, siku hizi pampu yangu iko kabatini na dripu ndiyo inayofanya kazi.

Sanduku likae mbali na jua la dirishani, maana kioo hugeuka tanuri. Asubuhi kitakuwa na umande kwa ndani, na ndivyo inavyotakiwa. Ikifika saa nne umande haujapungua, sogeza kifuniko upana wa kidole.