Wiki ya Nne ya Mwezi: Bajeti ya Chakula kama Sehemu ya Tiba

Wahudumu wa idara za dharura wanaifahamu vyema hali hii. Ni usiku, mwezi unaelekea ukingoni, na mgonjwa wa kisukari analetwa na jamaa zake akiwa amelowa jasho, anatetemeka na kutamka maneno yasiyoeleweka. Mmoja wa jamaa anadhani ni presha, mwingine ananong'ona kwamba amerogwa. Tone la damu kutoka kwenye ncha ya kidole linaonesha kuwa sukari imeshuka mno. Anapopewa glukosi kupitia mshipa, fahamu zinarejea, naye anaulizwa kama amemeza dawa. Anajibu kwamba amemeza, wala hajakosa hata siku moja. Swali ambalo mara nyingi husahauliwa ni la pili: je, amekula?

Mwaka 2014 jarida la Health Affairs la Marekani lilichapisha utafiti uliochambua taarifa za waliolazwa katika hospitali za jimbo la California kati ya mwaka 2000 na 2008. Miongoni mwa watu wa kipato cha chini, hatari ya kulazwa kwa sababu ya kushuka kwa sukari ilikuwa kubwa kwa asilimia 27 katika wiki ya mwisho ya mwezi, ikilinganishwa na wiki ya kwanza. Kwa wenye kipato cha juu, tofauti hiyo haikuonekana. Watafiti waliihusisha na kumalizika kwa fedha za chakula.

California si Temeke wala Ilemela, lakini mwili wa binadamu hufuata kanuni zilezile kila mahali. Insulini, pamoja na vidonge kama glibenklamidi na gliklazidi, huendelea kushusha sukari hata pale tumbo linapokuwa tupu. Mgonjwa anayemeza dozi yake kamili asubuhi, kisha akashinda kwa chai kavu kwa sababu tarehe ni mbaya, anaweza kudhurika na dawa ileile inayomponya siku nyingine. Kwa hiyo, namna kaya inavyopanga fedha za chakula kwa siku 30 si jambo la jikoni peke yake. Ni sehemu ya tiba.

Kuanza na fungu la mgonjwa

Katika kaya nyingi mshahara ukiingia, fedha hutoka kwanza kwenye madeni ya dukani, kodi ya nyumba na ada za shule. Kinachobaki ndicho hununua chakula, na kinachobaki baada ya chakula ndicho hununua dawa. Kwa kaya yenye mgonjwa wa kisukari au shinikizo la juu la damu, mpangilio huo unafaa kupinduliwa: nauli ya kliniki na gharama ya dawa zitengwe siku ileile fedha inapoingia, kabla ya fungu jingine lolote.

Baada ya hapo, fedha za chakula zigawanywe mara tatu. Fungu la kwanza ni la vyakula vinavyokaa, yaani mchele, maharage, mafuta, chumvi na sukari, ambavyo hununuliwa mara moja kwa mwezi mzima. Fungu la pili ni la vitu vya kila wiki: dagaa, mayai, viazi na unga wa dona. Fungu la tatu ni la gengeni, kwa ajili ya mboga za majani, nyanya, vitunguu na matunda. Fungu hili la tatu ndilo huvuja kwa urahisi. Ni vyema liwekwe katika bahasha nne, moja kwa kila wiki, na bahasha ya wiki ya nne isifunguliwe kabla ya wakati wake. Siku mbili au tatu zinazobaki mwishoni mwa mwezi zihesabiwe ndani ya bahasha hiyo.

Tuchukue mfano wa kaya ya watu watano. Nusu kilo ya maharage makavu kwa mlo mmoja humpa kila mtu gramu 100, zenye protini inayozidi kidogo ile ya mayai matatu. Kwa milo mitatu kila wiki, kaya hiyo inahitaji takribani kilo sita na nusu kwa mwezi. Kiasi hicho kikinunuliwa mapema na kufungwa vizuri, wiki ya nne tayari ina uti wa mgongo. Kunde, choroko na mbaazi hufanya kazi ileile, na bei zake hupishana kwa msimu.

Kununua kwa vipimo vidogo vidogo vya siku hugharimu zaidi, ingawa haionekani. Anayenunua mafuta kwa kipimo kila jioni anafaa ahesabu matumizi yake ya wiki mbili, kisha ayalinganishe na bei ya dumu. Kwa wale ambao kipato chao huja kwa siku na si kwa mwezi, njia inayowezekana ni ya pamoja: kikundi cha VICOBA, au majirani wanaocheza upatu, wanaweza kununua gunia moja la maharage kwa bei ya jumla na kugawana kwa mizani.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini unga huoza. Dona, kwa kuwa ina kiini cha mahindi chenye mafuta, huharibika mapema kuliko sembe, hivyo ni busara kununua ya wiki moja au mbili tu. Mahindi na karanga zihifadhiwe zikiwa zimekauka, juu ya chaga, mbali na unyevu. Mlipuko wa sumukuvu uliotokea mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, uliosababisha vifo, ulikumbusha kwamba nafaka yenye ukungu haipaswi kuliwa hata kama imeligharimu fungu zima.

Pakiti ya chumvi kama kipimo

Bajeti ina faida nyingine: huonesha kile ambacho ulimi hauoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na takribani kijiko kimoja cha chai. Kwa watu watano kwa siku 30, kikomo ni gramu 750, ikijumuishwa chumvi iliyomo katika mkate, viungo vya mchuzi vya viwandani na samaki waliokaushwa kwa chumvi. Kwa hiyo, pakiti ya nusu kilo inayofunguliwa siku ya mshahara inapaswa kufika mwisho wa mwezi. Ikiisha katikati ya mwezi, kaya imepata jibu bila kwenda maabara.

Hesabu ya sukari ni hiyohiyo. Lengo bora ni takribani gramu 25 kwa mtu mzima kwa siku, nalo kwa watu watano ni chini ya kilo nne kwa mwezi. Watoto wanahitaji pungufu ya hapo, na chupa moja ya soda peke yake huwa na zaidi ya gramu 30. Fedha inayookolewa kwenye soda na sukari inaweza kuhamishiwa moja kwa moja kwenye bahasha ya mboga na matunda.

Hapa ndipo sufuria ya mgonjwa inapopoteza maana. Familia nyingi huamini kwamba mgonjwa lazima apikiwe peke yake, na gharama ya mapishi mawili huwashinda kabla ya mwezi kuisha. Ugali wa dona, maharage, matembele na dagaa wasio na chumvi nyingi ni chakula cha mgonjwa na pia ni chakula cha wajukuu wake. Kinachotofautiana ni kiasi kinachopakuliwa. Isipokuwa mgonjwa wa figo: huyu apate kwanza ushauri wa daktari au mtaalamu wa lishe, kwa kuwa baadhi ya mboga, matunda na jamii ya kunde huenda vikahitaji kupunguzwa.

Siku chakula kinapokosekana

Hata mpango mzuri huweza kuvurugwa na msiba, ugonjwa au kazi kukatika. Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge vilivyotajwa anapaswa kujua mapema, kwa maelekezo ya kliniki yake, afanye nini siku asipopata mlo. Asiamue peke yake kuacha dawa, wala asimeze kwa mazoea. Akihisi kutetemeka, jasho jingi, njaa kali au moyo kwenda mbio, au kipimo kikisoma chini ya 3.9, anywe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote. Apelekwe kituo cha afya mara moja.

Kwa upande wa wahudumu, maswali mawili yanatosha kuingizwa katika kila hudhurio: mwezi uliopita, kuna siku chakula kiliisha kabla ya fedha nyingine kupatikana? Na siku hiyo, dawa ilitumikaje? Yaulizwe kwa faragha na kwa heshima, kwa kuwa mtu mzima haoni wepesi kukiri njaa mbele ya foleni. Jibu likiwa ndiyo, daktari ana la kufanya: kupitia upya aina na muda wa dawa, kumwita mtaalamu wa lishe au afisa ustawi wa jamii, na kusogeza tarehe ya kliniki iangukie mapema mwezini, wakati fedha ya dawa ingalipo.

Cheti cha dawa huandika asubuhi na jioni, kabla ya kula au baada ya kula. Maneno hayo huchukulia kwamba chakula kipo. Ni wajibu wa kliniki kuuliza, na wa kaya kupanga, ili hata tarehe 28 yaendelee kuwa kweli.