Sungura Katika Joto la Isiolo

Isiolo ni nchi ya ngamia na mbuzi, wanyama wastahimilivu wa jua. Sungura si kama hao. Hatoki jasho la kumpoza. Joto la mwili wake hutokea hasa masikioni, na hewa ipitapo digrii 30 yumo hatarini. Basi mwenye kumfuga huko na atangulize kivuli kabla ya chakula.

Banda lifaalo huwekwa chini ya mti, limeinuliwa juu ya ardhi, lina wavu ubavuni ili upepo upite. Paa la bati tupu huligeuza kuwa tanuri. Lifunikwe kwa nyasi.

Chakula chake kikubwa ni nyasi kavu, mchana na usiku, kwani meno yake hukua maisha yake yote, na kutafuna ndiko kuyapunguzako. Majani mabichi apewe kwa kiasi, na maji safi yasikose.

Kumzoeza usafi si kazi kubwa, maana sungura mwenyewe huchagua pembe moja ya kwendea haja. Hapo liwekwe beseni pana lenye nyasi kavu, na chakula chake kando, kwa kuwa hupenda kula papo hapo. Kinyesi kilichoanguka nje kitiwe humo, harufu imwongoze. Asipigwe, kipigo humtia hofu tu.

Akihema upesi, masikio yakiwa ya moto, apelekwe kivulini na kupanguswa masikio kwa kitambaa kilicholowa maji. Akikataa chakula, asingojewe hata kesho. Apelekwe kwa daktari wa mifugo.