Ndiyo, Hapana na Bado: Juu ya Istilahi za Mantiki

Mfasiri apewaye fomu ya Kiingereza yenye visanduku viwili, cha ndiyo na cha hapana, huvifasiri kama vilivyo akaiona kazi imekwisha. Tuipeleke fomu hiyo Mtawanya, wilayani Kibiti, tumwulize mkulima: "Je, umekwisha kuvuna korosho?" Atajibu: "Bado." Karani asiyekuwa na kisanduku cha bado atatia alama penye hapana, na katika hesabu za wilaya mtu mwenye mikorosho iliyozaa atawekwa fungu moja na asiye na mkorosho hata mmoja.

Je, "bado" ndiyo ile thamani ya tatu waitajayo wanamantiki? Wako wasemao hivyo, sisi hatukubali. Asemaye "bado" anaeleza jambo la hakika: hajavuna, ila anatazamia kuvuna. Kauli yake ni kweli tupu.

Thamani ya tatu ni habari nyingine. Aristotle aliuliza kama kauli "kesho kutakuwa na vita baharini" ni kweli au ni uongo leo, kabla kesho haijafika. Swali hilo lingalifaa sana kuulizwa katika delta ya Rufiji tarehe 10 Julai, 1915. Siku ya pili yake manowari za Kiingereza ziliishambulia tena Königsberg, meli ya Wajerumani iliyojificha humo tangu 1914, na Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Mwaka 1920 Mpolandi Jan Łukasiewicz alizipa kauli za namna hii thamani yake: kweli ni 1, uongo ni 0, isiyoamuliwa ni nusu. Ukiikanusha nusu wapata nusu. Hivyo hata "vitakuwapo au havitakuwapo" haifikii tena ukweli kamili. Hii twaiita mantiki ya thamani tatu, na neno hilo halina ubishi.

Ubishi uko katika aina iliyotokana na kazi ya Lotfi Zadeh ya mwaka 1965, ambamo kitu huweza kuwamo katika seti kwa kiasi fulani, tangu 0 hadi 1. Mlima mpunga wa delta anaijua hali hiyo: kati ya maji baridi na maji ya bahari yapo maji ya "chumvichumvi". Hapa pana suala la kiasi, si la wakati wala la kutojua, na lugha yetu hulieleza kwa kurudufu neno tu. Afasiriye neno kwa neno atapata "mantiki ya ukungu". Twaikataa istilahi hiyo, kwa kuwa yamfanya mwanafunzi adhani kwamba mawazo yenyewe yamevurugika, ilhali hesabu zake ni kamili kabisa. Twapendekeza "mantiki ya viwango", ingawa neno viwango limekwisha kuzoeleka mno katika habari za bidhaa.

Kwa watengenezaji wa fomu: "bado" na "haijulikani" vipewe visanduku mbalimbali. Swali la chumvi ya maji lisipewe visanduku viwili. Lipewe mstari wenye namba.