Virusi Visivyosikia Sindano

Gono huisha kwa sindano, kaswende vilevile. Mtu aliyezoea hivyo akiota malengelenge sehemu za siri hukimbilia duka la dawa, akameza antibayotiki, na baada ya wiki mbili vidonda vimekauka. Anaisifu dawa bure. Vidonda vya hepesi hukauka vyenyewe. Kirusi kimejificha kwenye mishipa ya fahamu, na kinaweza kuibuka tena wakati wowote. Dawa ya asiklovia hufupisha shambulio, lakini haikifukuzi.

Huku nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, jambo hilo si dogo. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta VVU kwa asilimia 4.4 ya watu wazima nchini. Iringa ni 11.1, Mbeya 9.6. Kidonda cha hepesi huvifungulia VVU mlango. Watafiti walijaribu kuufunga kwa asiklovia, wakiwapa wanawake wanaofanya kazi kwenye baa na gesti za kaskazini-magharibi mwa nchi. Majibu yalitoka 2008: maambukizi mapya ya VVU hayakupungua.

Iringa ikafaidi zaidi kwa tohara. Inampunguzia mwanamume hatari ya kupata VVU kutoka kwa mwanamke kwa asilimia 60 hivi, na hupunguza hepesi na virusi vya papiloma pia. Juni na Julai 2010 walitahiriwa 10,352 ndani ya wiki sita tu. Wenyeji huamini kidonda hupona vizuri wakati wa baridi, na kampeni ikaendeshwa baridi ikiwa kali. Kutobishana na imani isiyodhuru ni uganga wa hali ya juu, kwa maoni yangu. Ila aliyetahiriwa bado anahitaji kondomu.

Aliyekwishaambukizwa VVU huanzishiwa dawa za kufubaza virusi kwenye kliniki ya tiba na matunzo (CTC). Anapozimeza bila kuruka na kipimo cha wingi wa virusi kisivione tena, hamwambukizi mwenzi wake VVU kwa ngono. Hepesi na papiloma hazimo katika ahadi hiyo.

Papiloma ndiyo huleta saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo ilianza nchini 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikawa dozi moja, kwa wa miaka 9 hadi 14. Kwa mama zao kuna siki: muuguzi hupaka mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, na sehemu yenye dalili za mwanzo hugeuka nyeupe. Mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo. Mwenye VVU huanza kupimwa mapema, na hurudi mara kwa mara kuliko wengine.