Mmoja tu hana neno?

Tuangalie mtumbwi unaovuka Lualaba kutoka huku Alunguli kwenda Kasuku. Umekwisha kujaa. Mtu anakuja mbio, anasema: « Mmoja tu hana neno! » Pengine ni kweli. Mtumbwi utafika, naye atafika kazini. Tukipima tendo lile peke yake, hatuoni ubaya.

Lakini iko njia nyingine ya kupima. Mwaka wa 1712 George Berkeley, mtu wa Irlandi aliyekuwa askofu baadaye, aliandika kwamba tusipime kila tendo mbalimbali, bali tupime sheria: watu wote wakiifuata, italeta mema ama mabaya? Basi, sheria ya « mmoja zaidi apande » itatupeleka wapi? Kila mtumbwi, kila asubuhi, hata wakati mto umejaa! Ni vile vile kwa kukopia katika mtihani. Diploma moja ya uongo haionekani. Zikiwa nyingi, hata yako ya kweli nani ataiamini?

Wengine watauliza: na mama mwenye uchungu wa kuzaa je, aachwe kando ya mto? Swali hili ni zito, na wale wanaoshika sheria kama jiwe hawalijibu vizuri. Sisi tunaona sheria yenyewe itengenezwe: mtumbwi ukijaa, mgonjwa akija, mzima mmoja ashuke. Wote wanaweza kuifuata, na mzigo hauzidi. Shida inabaki moja tu: ni nani atakayeshuka?