Injini Huliwa Hata Pasipo Chumvi



Wenzetu waliozoea boti za Mombasa hufika Juba wakidhani injini zimepona, kwa kuwa Nile haina chumvi. Tusibweteke.

Kule baharini, kipande cha zinki hufungwa kwenye injini ili kiliwe badala yake. Baada ya safari, injini hupitishiwa maji baridi kuondoa chumvi. Lakini zinki hiyo ikiingia mtoni hufunikwa na utando, ikaacha kufanya kazi, na injini ikaanza kuliwa yenyewe. Maji ya mto yanataka kipande cha magnesi. Cha alumini hufaa mtoni na baharini.

Adui wa pili ni tope na mchanga. Hula mpira wa pampu inayopoza injini, na magugu huziba tundu la kuvutia maji. Kila tuwashapo, tutazame maji yanayochuruzika nyuma ya injini. Yakikatika, tuzime mara moja.

Injini ikifa katikati ya mkondo, roho zilizo hatarini ni zetu na za abiria. Basi tudai vipuri, na tudai muda wa ukaguzi kabla ya safari. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.